Mhojiwa wa Nane

Juliana alirudi shule akiwa na miaka arobaini na mitatu, na mtu wa kwanza kuionja elimu hiyo alikuwa mumewe, Bernard.

Walikuwa wakiishi Misugusugu, Kibaha, wawili peke yao tangu watoto waende vyuoni. Bernard alifundisha hesabu shule ya msingi kule Sofu. Juliana alikuwa afisa usalama katika ghala la vinywaji, kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili kabla ya kuamua kusoma shahada ya uzamili ya usalama na afya mahali pa kazi. Muhula wa kwanza alibandika mshale wa kijani juu ya mlango wa jikoni, kuonyesha pa kutokea moto ukiwaka. Nyumba ilikuwa na milango miwili tu. Muhula wa pili akatenga mahali pa kukusanyika wakati wa dharura, karibu na tangi la maji, na Jumamosi moja akapiga filimbi Bernard akiwa anaoga. Bernard alifika kwenye tangi na taulo na povu la sabuni, mbele ya jirani aliyekuwa akianika nguo.

"Dakika mbili na sekunde arobaini," Juliana alisema akitazama saa. "Ungekuwa umeshaungua."

Kisha siku moja Bernard akaunguza kidole kwa sufuria ya uji. Kabla hajapakwa dawa alipewa fomu ya kuripoti tukio, kurasa mbili. Aliijaza kwa mkono wa kushoto. Palipoandikwa "Hatua zitakazochukuliwa ili tukio lisijirudie" aliandika: Nitakunywa chai.

Juliana hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka na fomu.

Mwaka wa pili ukawa wa utafiti. Juliana alichagua ajali katika karakana ndogo za useremala, akapata kibali, akaelekezwa kwenye karakana moja Kisarawe, jirani na barabara iendayo Maneromango. Mwenyewe alikuwa Bi Sikudhani, mjane wa miaka sitini na mitano, aliyeachiwa na marehemu mumewe msumeno wa meza, mashine ya kuranda na mafundi saba. Juliana alipiga simu siku tatu kabla ya kwenda, kuwataarifu kwamba anakuja. Baadaye msimamizi wake angemwambia kwamba hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza.

Alifika saa tatu asubuhi kwa bodaboda, amevaa kizibao chake cha njano chenye mistari ya kung'aa, mkononi ana madodoso manane, moja la akiba. Akasimama langoni asiamini macho yake.

Mafundi wote saba walikuwa wamevaa helmeti za bodaboda.

Si kofia ngumu za kazi. Helmeti zenyewe, za pikipiki, nyingine na kioo kimeshushwa usoni. Mmoja alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda huku kichwani ameandikwa MUNGU MBELE. Pale nje, kwenye kijiwe chini ya mwembe, madereva saba wa bodaboda walikuwa wamekaa vichwa wazi wakisubiri mali zao.

"Shikamoo, mama," Juliana alimwamkia Bi Sikudhani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Sisi hapa usalama ndiyo dini yetu."

"Naona. Mashine mbona hazifanyi kazi?"

"Umeme hakuna leo," alijibu Hemedi, fundi wa mashine ya kuranda, kwa sauti iliyotoka ndani ya helmeti kama mtu anayesemea kisimani. Juu yake feni ya dari ilikuwa inazunguka. Hemedi aliitazama, akamtazama Juliana. "Ni upepo huo," akasema.

Juliana aliwahoji mmoja mmoja kwenye benchi. Swali la kwanza: katika miezi kumi na miwili iliyopita, umewahi kupata ajali yoyote kazini? Wote walijibu hapana, haraka, kama wanafunzi walioambiwa jibu na mwenzao. Wa mwisho alikuwa Kitwana, fundi mkuu, mwanamume mrefu mno, mpole, wa miaka hamsini. Naye akasema hapana. Juliana alikuwa anauangalia mkono wake wa kulia, uliokuwa na vidole vitatu.

"Na hivyo, fundi?"

Kitwana aliuinua mkono akautazama kana kwamba na yeye ndiyo anaona leo. "Hivi si vya miezi kumi na miwili, dada."

"Ni vya lini?"

"Kumi na minne."

Dodoso ni dodoso. Juliana akaandika: Hapana.

Msimamizi wake chuoni alikuwa Dokta Hajra, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyelelewa vizuri sana. Kila walipokutana alimwamkia Juliana "shikamoo, dada", akamvutia kiti, akamuulizia shemeji, kisha akaichana kazi yake vipande vipande.

"Dada Juliana," alisema akifunua ile sura ya matokeo. "Karakana ina miaka kumi na tisa. Msumeno hauna kinga. Mafundi saba. Ajali sifuri."

"Ndivyo walivyosema, Dokta."

"Umefanyia utafiti peponi?"

Juliana akainamia karatasi zake.

"Samahani, dada yangu, sikukusudia kukukosea adabu. Lakini hii siwezi kuipitisha. Hata mimi nikikaa hapa ofisini na karatasi tu, nakatwa na karatasi mara mbili kwa wiki. Rudi Kisarawe. Na safari hii usiwapigie simu."

Alirudi Jumatatu iliyofuata, amechukua likizo yake ya mwaka yote. Hakupiga simu. Hakukuwa na helmeti hata moja. Mashine zilikuwa zinanguruma, unga wa mbao umetanda kama ukungu, na Hemedi alikuwa pekupeku juu ya misumari. Bi Sikudhani alimwona, akaenda mwenyewe kuzima swichi kubwa, na kimya kikaingia karakana nzima.

"Mwanangu," alisema, "miaka mitano nyuma alikuja mtu na kizibao kama hicho chako. Alipiga picha, akaandika, akatushukuru, akanywa na soda. Wiki iliyofuata tukafungiwa. Tulikaa nje mwezi mzima. Kwa hiyo wewe ukituuliza kama tunaumia, sisi tunakuuliza soda gani unapenda."

Juliana alitaka kueleza tofauti ya mtafiti na mkaguzi. Alikuwa na ukurasa mzima juu ya tofauti hiyo. Lakini alimtazama yule mama, akawatazama wale wanaume saba waliosimama na nyundo na msasa kama watu wanaosubiri hukumu, akavua kizibao, akakikunja, akakitia kwenye mkoba.

"Naomba nifanye kazi hapa wiki mbili," alisema. "Nifagie, nibebe mbao, chochote. Sitapiga picha. Nitapima kelele na vumbi tu, na nitakachoandika mtasomewa kwanza."

Bi Sikudhani akafikiri. "Kufagia unajua?"

"Najua, mama."

"Hawa hawajui. Anza kule nyuma."

Siku tatu alifagia. Alijifunza kwamba maranda ya mninga yananukia na ya msaji yanawasha pua, na kwamba saa sita kamili hakuna anayesikia lolote isipokuwa mama ntilie anayeita. Alikula wali maharage na mafundi, akasikiliza mabishano yao ya mpira, na taratibu wakaacha kunyamaza akipita. Lakini kuhusu ajali, hakuna aliyefungua mdomo. Hemedi alipojigonga nyundo kwenye dole gumba siku ya pili, aliangalia kama Juliana ameona, akaanza kupiga mluzi huku machozi yanamtoka.

Siku ya nne ilikuwa siku ya kupima kelele. Chuo kilimwazima kipimo, kitu kidogo cha thamani kubwa, na alisaini karatasi tatu ndipo akakabidhiwa. Maelekezo yalikuwa wazi: kifaa kishikwe usawa wa sikio la mfanyakazi, mfanyakazi akiwa kazini. Hemedi alipimwa vizuri. Hussen, yule fundi wa helmeti ya MUNGU MBELE, alipimwa vizuri. Ikafika zamu ya Kitwana, aliyekuwa anapasua ubao kwenye msumeno wa meza, na sikio lake lilikuwa juu kule karibu na feni.

Juliana alikuwa mfupi. Alinyoosha mkono, hakufika. Alisimamia vidole vya miguu, hakufika. Ngazi ilikuwepo, lakini Hussen alikuwa juu yake akishusha mbao, na kumsubiri ni dakika tano. Pembeni palikuwa na ndoo tupu ya rangi. Juliana aliifunika kwa mfuniko wake, akaijaribu kwa mguu mmoja, akapanda. Alifika. Akasogeza kifaa kwenye sikio la Kitwana, akakisoma, akajinyoosha kidogo zaidi aone namba za mwisho.

Mfuniko ulizama. Mguu wa kulia uliingia ndani ya ndoo, ndoo ikapinduka, na Juliana akaenda chini na ndoo yake, mkono mmoja ameuinua juu wakati wote kama mtu anayevuka mto na nguo zake. Alitua kwenye rundo la maranda. Kifaa hakikupata hata mkwaruzo.

Kitwana akazima msumeno. Wote wakaja mbio.

"Sijaumia!" Juliana alisema kabla hajaulizwa. "Sijaumia kabisa. Endeleeni na kazi."

"Dada," Kitwana alisema akichutama, "wewe unatazama Maneromango na mguu wako unatazama Kibaha."

"Ndivyo ulivyo siku zote," alisema Juliana.

Walimvua ile ndoo. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeshaanza kuvimba kama andazi kwenye mafuta. Bi Sikudhani alileta beseni la maji baridi, akauminya mguu hapa na pale huku Juliana akiuma leso, akatangaza kwamba haukuvunjika, umeteguka. Baadaye mganga wa zahanati alisema vilevile, ila kwa maneno marefu zaidi. Mguu ukaingizwa kwenye beseni. Mafundi wakakaa chini kumzunguka, kwenye mbao na kwenye maranda.

Hemedi ndiye aliyeuliza, kwa upole wa kweli kabisa. "Sasa dada, hii kwenye zile karatasi zako tunaiandika wapi?"

Juliana alihisi masikio yanawaka moto. "Si lazima kuandika kila kitu," alisema. "Ni jambo dogo. Halafu ni uzembe wangu tu, ngazi ilikuwepo. Nikiandika, watu wataniona…"

Akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

Hussen alianza kucheka kwanza, kidogo, puani. Kisha Hemedi. Kisha karakana nzima ikalipuka, watu wakajipigapiga mapaja, mmoja akaanguka ubavu kwenye maranda, na Juliana, aliyekuwa hajawahi kucheka na fomu maishani mwake, alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika.

Walipotulia, Kitwana aliunyoosha mkono wake wa kulia mbele yao.

"Mimi nitasema," alisema. "Siku ile Hussen alikuwa mgeni hapa, hana wiki. Nikamwita hapa kwenye msumeno nimfundishe. Nikamwambia, Hussen, mkono usiufikishe hapa. Akaniuliza, hapa wapi, fundi? Nikamwonyesha."

Hakuna aliyecheka. Halafu Kitwana mwenyewe akatabasamu, na ikawa ruhusa.

"Nilifunga kitambaa nikaenda hospitali," aliendelea. "Nikamwambia daktari nilikuwa shambani, panga limeniteleza. Na mama nikamwambia hivyohivyo. Ningesemaje? Fundi mkuu, miaka thelathini kazini, nimekatika nikiwa nafundisha jinsi ya kutokukatika?"

"Panga?" Bi Sikudhani alisema. Alikuwa amesimama nyuma yao na jagi la maji. "Kitwana. Nilikuletea uji mwezi mzima. Nililaani lile shamba."

"Nisamehe, mama."

Baada ya hapo mambo yalifunguka. Hemedi alitoa dole gumba, na kabla ya dole gumba kulikuwa na kibanzi kilichomwingia jichoni mwezi wa tatu. Hussen alishapigwa na umeme mara mbili kwenye swichi ileile, na alikuwa amezoea kuiwasha kwa mti. Mwingine alikuwa na kikohozi cha mwaka mzima alichokiita mafua. Walianza kushindana. Mmoja akitaja jambo, mwenzake anasema hilo dogo, ngoja usikie. Juliana, mguu ndani ya beseni, dodoso mapajani, aliandika mpaka adhana ya alasiri. Alipohesabu alipata matukio kumi na tisa kwa miezi kumi na miwili, bila kuhesabu vidole vya Kitwana, vilivyokuwa nje ya muda.

Aliwasomea kama alivyoahidi. Alipomaliza, Bi Sikudhani aliweka jagi chini, akatembea hadi kwenye swichi kubwa, akaizima, na wala hapakuwa na haja kwa sababu mashine zote zilikuwa kimya tayari.

"Mimi nilidhani mnamficha mkaguzi," alisema. "Kumbe mlikuwa mnanificha mimi."

"Tuliogopa utafunga, mama," alisema Kitwana.

"Ningefunga kweli. Nendeni nyumbani. Kesho kila mtu aje na viatu."

Juliana alirudi Misugusugu mguu umefungwa bandeji. Njiani alitunga maelezo: nimeteleza nikishuka kwenye bodaboda. Aliyarudia mpaka yakakaa vizuri. Bernard alimkuta sebuleni mguu uko juu ya kiti, akayasikiliza maelezo yote, akasema pole, akaenda chumbani. Alirudi na kalamu na fomu ya kurasa mbili, akaviweka juu ya meza, akaingia jikoni kupika.

Juliana aliitazama ile fomu muda mrefu. Kisha akaijaza, kwa ukweli, mpaka rangi ya ndoo. Bernard aliisoma amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alipofika kwenye mfuniko uliozama, mabega yalianza kumtikisika.

"Cheka tu," Juliana alisema. "Utaumia ukijizuia."

Dokta Hajra alipopata sura mpya ya matokeo alimpigia simu siku hiyohiyo. Alisema shikamoo dada, kisha akasema ile ajali ya ndoo iliyotajwa kwenye tanbihi iingie kama tukio la ishirini. Juliana alijaribu kujitetea kwamba mtafiti si mfanyakazi. "Ulifagia siku tatu," alijibu Dokta Hajra. "Ulikuwa mfanyakazi. Iingie." Ndipo lile dodoso la akiba likajazwa, na Juliana akawa mhojiwa wa nane katika utafiti wake mwenyewe.

Siku ya kutetea tasnifu alivaa gauni la bluu na viatu visivyo na kisigino. Meza ilikuwa na watu wanne, na mtahini wa nje alikuwa profesa mzee aliyesoma kila ukurasa, jambo lisilotarajiwa.

"Nina swali juu ya mhojiwa wa nane," alisema profesa akishusha miwani. "Mwanamke, miaka arobaini na minne, uzoefu kazini siku nne. Elimu yake inazidi ya wenzake wote. Alipanda ndoo wakati ngazi ipo. Hukueleza alikuwa anafanya kazi gani."

Juliana alivuta miguu chini ya kiti. "Alikuwa anapima usalama, Profesa."

"Na alijua hatari?"

"Alikuwa ameandika ukurasa wa arobaini na moja juu ya hatari hiyohiyo."

Profesa alifunua ukurasa wa arobaini na moja, akausoma, akautazama mguu wa Juliana chini ya meza, akafunika mdomo kwa tasnifu. Ilibidi kikao kisimame dakika chache. Walimpitisha, na masahihisho madogo, mengi yakiwa ya alama za nukta.

Kule Kisarawe nako mambo hayakubaki yalivyokuwa. Swichi ya Hussen ilibadilishwa. Feni mbili za kutoa vumbi zilifungwa ukutani. Kinga ya msumeno aliitengeneza Kitwana mwenyewe kwa mninga, na kwa kuwa hakujua kutengeneza kitu kibaya aliichonga maua pembeni na kuipiga vanishi. Mteja mmoja kutoka Dar alifuata kabati, akaiona, akang'ang'ania kuinunua. Walimweleza ni ya nini. Akasema haidhuru, ataiweka sebuleni. Bi Sikudhani alikataa mara tatu, na mteja akaondoka amenuna.

Ila Bi Sikudhani alikuwa amelichukua suala la kuripoti kwa uzito ambao Juliana hakuutegemea. Alinunua daftari kubwa, na kila alichoandika alimpigia Juliana simu kumsomea, kwa kawaida saa ya chakula cha mchana. Hussen ameuma ulimi akila muhogo. Hemedi amekanyaga paka, paka mzima, Hemedi amekwaruzwa. Fundi mmoja amelala benchi likamtupa. Juliana alijaribu kumweleza kwamba yapo matukio ya kuripoti na yapo ya kuacha.

"Nitajuaje lipi ni lipi?" aliuliza Bi Sikudhani. "Niache moja, halafu ndiyo lenyewe?"

Shahada ya uzamili ya Juliana haikuwa imelifikia swali hilo.

Alhamisi moja alikuwa mezani na Bernard, ubwabwa uko kwenye kijiko, simu ikaita. Ilikuwa karakana. Kulikuwa na gogo la mkongo limeletwa asubuhi, alieleza Bi Sikudhani, na ndani yake kulikuwa na nyuki, na watu wote wanane sasa wako barabarani.

"Nani ameumwa, mama?"

"Kitwana mara tano, Hemedi mara mbili. Mimi bado, ila kuna mmoja ananizunguka. Nimwandike sasa hivi au nimsubiri?"

Bernard alikuwa ameshamsogezea kalamu.

"Mama, kwanza kimbia," alisema Juliana. "Tutaandika baadaye."